Mume wangu anachoma insulini, na tunasafiri kwa basi kutoka Tanga hadi Tukuyu. Nijiandaeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninakaa Tanga mjini, Ngamiani, na nimeolewa mwaka jana. Mume wangu ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa sekondari, anachoma insulini ya Mixtard asubuhi na jioni. Mwezi wa saba tunakwenda kwao Tukuyu kwa basi, ndiyo mara yangu ya kwanza kufika ukweni. Zamani alikuwa akisafiri na mama yake, sasa ni mimi. Naogopa sukari ikimshuka njiani. Iliwahi kumshuka hapa nyumbani, nikampa soda akaikataa na kunifokea. Hataki abiria wajue kama anaumwa. Halafu shangazi yake kanipigia simu, anasema huko kuna dawa ya mizizi, akifika aache sindano. Na hizo dawa zenyewe tuzibebeje na joto hili?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa ndoa. Nitaanza na ile soda iliyokataliwa, maana hapo ndipo ilipo safari yenu. Mambo ya kubeba dawa na ratiba ya chakula yana utaratibu wake, na ukishaelezwa utayaweza bila shida.

Ubongo hutegemea sukari iliyomo kwenye damu, na hauna akiba ya kutosha. Sukari ikishuka chini ya 4 kwenye mashine ya kupimia (kwa kipimo cha mmol/L), mwili hutoa onyo kwanza: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Ikizidi kushuka, ubongo wenyewe huanza kukosa chakula, na hapo tabia ya mtu hubadilika. Mwingine hucheka ovyo, mwingine hurudia neno lilelile, wengi huwa wakali na wabishi. Anayehitaji soda kuliko wote mle ndani ndiye anayeapa kwamba hana shida yoyote. Kwa hiyo yale maneno aliyokufokea usiyaweke moyoni. Hata yeye huenda hayakumbuki.

Sasa, kwa kuwa sukari ikishashuka hawezi tena kuamua vizuri, uamuzi inabidi ufanyike mapema, akiwa mzima. Chagueni jioni moja kabla ya safari, mmeshakula, sukari yake imetulia, mkae wawili tu. Mwambie hivi: nikikuona umebadilika nitakuambia neno moja, na ukilisikia unakunywa kwanza, ubishi baadaye. Neno mlichague wenyewe, liwe la kawaida kiasi kwamba abiria wa kiti cha nyuma akilisikia halimwambii kitu. Kama mashine ipo mkononi mpime, ni dakika moja. Kama iko kwenye begi la juu na basi linayumba, anywe bila kupima. Ukiwa umekosea na sukari haikuwa imeshuka, hasara ni kwamba itapanda kidogo na mtairekebisha baadaye siku hiyohiyo. Ukiwa umepatia na hakunywa, anaweza kuzimia njiani.

Na wewe utoe chako. Mwanamume aliyeishi na sindano tangu sekondari ameulizwa "umechoma? umekula? umepima?" mara nyingi kuliko unavyoweza kufikiri. Mwahidi kwamba nje ya neno lenu hilo hutamsimamia. Hutahesabu vijiko vyake vya wali mbele ya wakwe, wala hutamuuliza sukari ikoje katikati ya mazungumzo ya watu. Nimewaona wenzi wengi kliniki. Wanaogombana kila siku juu ya chakula ndio hao ambao siku ya hatari mgonjwa hawasikilizi, kwa sababu onyo la kweli limechanganyikana na manung'uniko ya kila siku. Anayesema mara chache husikilizwa.

Njiani kaa naye kiti kimoja, yeye dirishani. Dalili utaziona kabla yake ukijua pa kuangalia. Alikuwa anakusimulia habari za mpira, majibu yakawa mafupi. Kiyoyozi kinapuliza lakini juu ya mdomo wake pana matone ya jasho. Ameshika simu, kidole kinapandisha na kushusha skrini lakini macho hayasomi. Hapo usingoje dalili ya nne, sema neno lenu. Akiwa amelala, mguse shingoni kila baada ya muda. Shingo kavu na yenye joto la kawaida, mwache alale. Shingo iliyolowa na ngozi ya baridi, mwamshe, na asipoamka sawasawa mpe cha kunywa mradi anaweza kumeza.

Cha kumpa ni gramu 15 hivi za sukari inayoingia haraka. Nusu ya ile chupa ya kioo ya soda ya 350 ml inatosha. Usitegemee soda ya kununua dirishani, kwa sababu siku hizi zimejaa zile zisizo na sukari, rangi ileile na chupa ileile, na hizo hazimsaidii kitu akiwa ameshuka. Tengeneza yako nyumbani: chupa ndogo ya maji, glasi moja ya maji ndani yake, vijiko 4 vya chai vya sukari, tikisa mpaka iyeyuke. Fanya chupa tatu za namna hiyo, moja kwenye mfuko wako wa pembeni, moja kwenye wake, ya tatu ya akiba. Baada ya kunywa subirini dakika 15, mpime. Bado iko chini ya 4, anywe tena kiasi kilekile. Ikishapanda, ale kitu cha kukaa tumboni, mkate au ndizi, kama muda wa chakula uko mbali.

Kuna vitu watu wa pwani huvikimbilia na havifai hapa. Dafu ni la kwanza. Ni tamu mdomoni lakini sukari yake ni chache, ingebidi anywe karibu nusu lita au zaidi ndipo apate gramu hizo 15. Karanga, korosho na chokoleti zina mafuta, na mafuta huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Chungwa zima linafaa kama hana dalili kali, ila juisi yake hufika upesi zaidi. Na hapa nikutahadharishe, maana mtapita Muheza na madirisha yatajaa machungwa: mtu akimenya chungwa kisha akajitoboa kidole bila kunawa, ile sukari iliyobaki kwenye ngozi huingia kwenye tone la damu na mashine itasoma 12 au 15 wakati yeye ana 5. Kama angechoma dawa kwa kuamini namba hiyo, angeanguka. Anawe kwa maji kwanza. Maji yakikosekana, afute tone la kwanza kwa pamba na apime la pili.

Akizimia, au akianza degedege, usimtie chochote mdomoni, hata sukari wala asali, kwa kuwa itaingia kwenye njia ya hewa. Mlaze ubavu, kidevu kiinuliwe kidogo, mwambie konda gari iende moja kwa moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na ukifika sema maneno haya kwanza kabla ya salamu: "Ana kisukari, anatumia insulini, sukari imeshuka." Watamtundikia dripu ya sukari, na mara nyingi mtu hufumbua macho ndani ya dakika chache. Kama kliniki yenu imewapa sindano ya glukagoni, dawa ya kupandisha sukari upesi, ibebwe na wewe, na mume wako akufundishe kuichoma kabla hamjaondoka.

Tuje kwenye ratiba. Mixtard ni dawa mbili ndani ya chupa moja: asilimia 30 ni insulini ya haraka, inayoshughulika na chakula cha muda huo, na asilimia 70 ni ya taratibu, ambayo huendelea kufanya kazi kwa saa nyingi baadaye. Akichoma saa 11 alfajiri mkiwa mnaondoka Tanga, ile ya taratibu itakuwa kwenye nguvu zake kati ya saa 4 asubuhi na mchana. Yaani chakula cha mchana ni deni alilokwisha kulikopa asubuhi, na dawa italidai liwepo lisiwepo. Mtu wa Mixtard haruki chakula cha mchana, basi lisimame lisisimame.

Hesabu barabara yenyewe. Segera, Chalinze, Morogoro mtapita asubuhi. Baada ya hapo mnaingia hifadhi ya Mikumi, kilomita kama 50 hivi, na mle gari halisimami ovyo kwa sababu ya wanyama. Mbele kidogo kuna Ruaha Mbuyuni kisha mlima Kitonga, ambako lori moja likiharibika kwenye kona foleni inaweza kuwaweka saa nzima au zaidi. Kwa mtu aliyechoma Mixtard alfajiri, kipande hicho ndicho kibaya kuliko vyote: saa za dawa kuwa na nguvu zinakutana na sehemu isiyo na uhakika wa kusimama. Kwa hiyo apime mkiwa Morogoro, na ale pale pale au ndani ya basi kabla ya Mikumi, chakula ulichokifunga mwenyewe nyumbani. Chapati mbili na mayai, au mihogo ya kuchemsha na samaki. Usingoje hoteli ya njiani ambayo dereva ndiye anayeijua.

Sindano ya jioni itawakuta barabarani, pengine Mafinga au Makambako. Kanuni yangu kwa wasafiri ni moja: dawa haichomwi mpaka chakula kionekane kwa macho. Najua kliniki tunawaambia wachome nusu saa kabla ya kula, na nyumbani ndivyo inavyopaswa. Safarini nusu saa hiyo ina pancha, mizani na askari wa barabarani. Sahani ikiwa mezani, apime, achome, ale. Mkiona hakuna kituo cha maana, dozi ya jioni ikichelewa saa mbili au tatu mpaka mfike Mbeya haina madhara makubwa. Kuiacha kabisa ndiko kuna madhara.

Ukiniuliza mimi, kwa safari ya kwanza mkiwa wawili ningewashauri mlale Iringa. Ni gharama ya chumba cha usiku mmoja, lakini sindano ya jioni inachomwa mezani, mnalala kitandani, na kesho yake Mbeya mnafika mchana, kisha Tukuyu jua likiwepo. Mtu aliyekwisha kuzoea njia anaweza kwenda kwa siku moja.

Kuhusu kubeba: kila kitu mara mbili ya mnachohitaji. Chupa za insulini mbili zaidi, mabomba ya sindano ya kutosha (yale yaliyoandikwa U-100, yalingane na chupa), stripu za kupimia, betri ya mashine. Gawa mafungu mawili, moja begi lake na moja begi lako, ili likipotea moja lipo lingine. Yote yakae nanyi kitini. Buti la basi liko jirani na injini na lami ya moto, insulini ikikaa mle kutwa huharibika na kwa macho huwezi kujua kila mara.

Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa inakaa nje bila tatizo kama joto halizidi nyuzi 30, na tunafundisha itumike ndani ya wiki 4 kisha itupwe. Kwa hiyo usihangaike na barafu nyingi. Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, itie maji baridi dakika kumi, mwaga, kausha, kisha weka chupa za dawa zikiwa zimeviringishwa kitambaa. Inafika Mbeya bado ya baridi. Barafu kama ipo isigusane na dawa, kwa maana insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Mixtard nzuri, ukiizungusha taratibu kati ya viganja, huwa nyeupe kama maziwa sawasawa yote. Ikiwa na vipande vinavyoelea au imeganda ukutani mwa chupa, tupa. Huko Tukuyu mwezi wa saba kuna baridi, hamtahitaji friji kwa ile iliyofunguliwa. Mkirudi Tanga, mtungi wa maji uvunguni au kibarazani penye upepo unasaidia kama friji hamna, ila unyevu wa pwani yetu huupunguzia nguvu, basi usiuache bila kuukagua.

Sindano zilizotumika zitieni kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko, mrudi nayo kliniki.

Lipo kosa jingine nisilotaka alifanye, na ni kinyume cha kushuka. Wapo wanaoogopa kushuka safarini hata wanaamua kuacha sukari ipae: hawachomi, au wanachoma nusu. Halafu sukari ikiwa juu mkojo unakuwa mwingi, nao wanaona haya kumsimamisha dereva kila saa kwenda kuchimba dawa, basi wanaacha na maji. Hapo mtu anakauka, na mwili usio na insulini unaanza kuchoma mafuta na kutoa sumu ya ketoni. Dalili zake: kiu, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu, harufu ya tunda lililoiva sana mdomoni. Kwenye kona za Kitonga watu hutapika kwa kuchafukwa tu, kwa hiyo mashine ndiyo itakayowaambia. Akitapika na sukari ni ya kawaida, anywe soda kidogokidogo na apimwe kila saa kwa sababu dawa imo mwilini. Akitapika na sukari imepita 14 na haishuki, shukeni hospitali ya mbele yenu, hata kama nauli imelipwa hadi Mbeya.

Hilo la kutotaka abiria wajue, mheshimu. Ugonjwa ni wake. Ila mtu mmoja lazima ajue, naye ni konda. Kabla basi halijaondoka, wewe mwenyewe mwendee pembeni: "Kaka, mwenzangu ana kisukari. Nikikuomba usimamishe, ni kwa ajili hiyo." Makonda ninaowasikia wagonjwa wakiwasimulia huwa waelewa wakiambiwa mapema, na wakali wakishtukizwa. Mume wako umwambie kwamba umefanya hivyo, usimfiche. Abebe pia barua ya kliniki mfukoni, yenye aina ya dawa na dozi.

Ukweni sasa. Utakuta ndizi, viazi, na wali wa Kyela unaonukia mpaka barazani. Ale. Mwenye kisukari aina ya kwanza hula chakula cha watu, anacholinganisha ni wingi na dawa, na hesabu hiyo anaijua yeye. Kitakachowashtua huko ni vilima. Mtapelekwa kusalimia nyumba baada ya nyumba, kupanda na kushuka, na misuli iliyotembea huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi, hata usiku. Siku mliyotembea sana, apime kabla ya kulala, na ikiwa chini ya 6 ale kitu. Weka ile chupa ya maji ya sukari karibu na kitanda.

Na shangazi. Usimbishie, wewe ni mkwe mgeni, na amesema kwa mapenzi. Lakini ujue ukweli huu bila shaka yoyote: katika aina ya kwanza, kinga ya mwili imeua zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna mzizi unaozirudisha. Kabla ya Januari 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipochomwa insulini ya kwanza huko Toronto, Kanada, watoto na vijana wenye ugonjwa huu walikufa karibu wote, hata wale wa matajiri waliokuwa na kila dawa ya miti na ya hospitali. Mume wako akiacha sindano siku mbili tatu anaweza kufia hukohuko. Wengi hudanganyika kwa sababu jirani mwenye kisukari aina ya pili alikunywa dawa ya miti na hakuanguka. Huo ni ugonjwa mwingine, kongosho lake bado linatoa kiasi. Jambo hili mwachie mume wako amwambie shangazi mwenyewe, tena kwa simu kabla hamjaondoka, ili usifike ukaonekana wewe ndiye uliyemkataza.

Mkija kliniki ya mwezi huu njooni wote wawili, mje na mashine, tiketi msikate kwanza. Tutapitia dozi ya siku ya safari pamoja, na wewe utatoka umeshika bomba la sindano kwa mkono wako.